Ndege ya Dakika Hamsini

Wakazi wa Stockholm wana ugonjwa mmoja, na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuliambukizwa kabla hatujajua hata kusalimia kwa Kiswidi. Ugonjwa wenyewe ni kuamini kwamba kila kilichoko juu ya mji jirani wa Uppsala kinaitwa Kaskazini, na kwamba Kaskazini ni kijiji kimoja cha theluji ambamo watu wote wanajuana na wanaazimana chumvi. Mwambie mtu wa mtaa wa Hjulsta kwamba una jamaa yako Umeå, atakuuliza kama amewahi kukutana na mpwa wake wa Kiruna. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule za mji huu, siku hii Akalla, siku ile Skärholmen. Nawafundisha watoto ambao mama zao ni wa Mombasa, Bujumbura na Kampala, na ambao hunijibu kwa Kiswidi. Niliwahi kuwatundikia ramani ya nchi hii ubaoni, nikawaambia watazame ilivyo ndefu. Walitazama, wakashangaa kidogo, wakaendelea na mambo yao. Wazazi wao hawajafika hata hapo.

Habari hii ni ya majira ya baridi yaliyopita, na ilianza na msiba. Kwetu sisi msiba hauanzi na kilio, unaanza na kamati. Mtu akizaliwa, kamati. Akiolewa, kamati. Akiugua kisha akapona kabla hatujawahi kumuundia kamati, tunamwona hana shukrani. Kamati yetu ina mwenyekiti, makamu, katibu na mweka hazina, na ina chupa mbili za chai, moja yenye tangawizi na moja isiyo na tangawizi kwa ajili ya wenye vidonda vya tumbo. Wajumbe ni Waislamu na Wakristo, Wakenya, Watanzania, Waganda, na Mkongo mmoja ambaye huanza kila hoja kwa Kifaransa ili tujue kwamba ni hoja nzito.

Aliyefariki alikuwa mama wa Kiganda, Mwislamu, aliyekimbilia nchi hii zamani wakati wa vurugu za kwao. Alikuwa mpishi wa shule huku Järva, upande wetu wa mji. Lakini jina lake halikutokana na mapishi. Kwa miaka yote aliyoishi Akalla, yeye ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake wetu waliokufa. Simu ikilia kwamba kuna mama amefariki, alivua aproni, akachukua mfuko wake uliokuwa na kopo la plastiki, glavu na kafuri, akaenda. Hakuuliza marehemu ni kabila gani wala kama alikuwa akimsalimia au hakumsalimia. Mara nyingi alinichukua mimi nimmiminie maji, kwa sababu naishi jengo la pili na kwa sababu, kama alivyosema, mimi ni mwanamke mwenye mdomo nje ya chumba na adabu ndani yake. Nilimpenda sana. Alipozeeka alihamia Kiruna kwa mwanawe wa pekee, anayeendesha mitambo mgodini. Mwanzoni watu walimpigia simu kila Idi, halafu Idi moja moja, halafu wakabaki kumtaja kwa wema, jambo ambalo halina gharama.

Basi akafa. Mwanawe alimpigia simu katibu wetu Ijumaa, akaeleza mambo kwa Kiswidi, maana Kiswahili chake ni cha salamu na chakula. Mama yake amefariki hospitalini. Angependa azikwe hukohuko ili aweze kumtembelea. Hospitali imempa chumba cha kumwoshea, Jumatatu asubuhi. Wanaume wa kumswalia na kubeba jeneza wapo. Wanawake Waislamu walioko pale ni wachache, wote ni wasichana wenye watoto wachanga, na hakuna kati yao aliyewahi kugusa maiti. Yeye ni mwanamume, hawezi kumvua mama yake. Aliuliza swali moja tu: nani atakuja kumwosha?

Jumamosi mchana tukakutana Hjulsta katika ukumbi mdogo tunaokodi. Mwenyekiti wetu ni mama wa Mombasa anayeishi Skärholmen, mjane, mwenye sauti ya kuongozea dua na kidole cha kugawia kazi. Sauti hiyo nimewahi kuisikia ikiwaliza watu harusini. Alifungua kikao kwa kumsifu marehemu, na alimsifu vizuri, kila mtu akajisikia mwema kwa kusikiliza. Kisha tukajadili hitima itakayosomwa Stockholm. Tulijadili ukumbi. Tulijadili kama pilau iwe ya kuku au ya nyama, na Mkongo akatoa hoja kwa Kifaransa kuhusu samaki. Nikaona saa inakwenda na swali la yule kijana limekaa katikati yetu bila mtu wa kuliokota.

Nikaliokota mimi. Nikauliza nani ataenda Kiruna. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Ndiyo dunia, Mwalimu. Mwosha huoshwa." Wote wakaitikia kwamba ni kweli kabisa, mwosha huoshwa, kisha kila mmoja akainamia simu yake. Nimefundisha methali miaka mingi na sijapata kuona moja ikitumiwa vizuri namna ile kufungia mlango. Methali inasema mwosha huoshwa. Haisemi anaoshwa na nani, na kamati haikutaka kuuliza.

Nikasema kuosha si kazi ya mtu mmoja, lazima awepo wa kuosha na wa kumimina maji. Nikasema mimi nimemimina mara nyingi lakini sijawahi kuosha, kwa hiyo mwenye kujua ajitokeze twende wawili. Katika chumba kile walikuwamo wanawake Waislamu wasiopungua saba, na angalau wawili kati yao waliniapia siku za nyuma kwamba wamefundishwa na bibi zao. Siku ile bibi zao walikuwa hawajawahi kuwepo.

Hapo ndipo katibu alipotuokoa. Katibu ni Mkenya anayefanya kazi za kompyuta Kista, mtu mpole, asiyeamini jambo mpaka aone limeandikwa kwenye skrini, na akishaliona kwenye skrini hawezi tena kuacha kuliamini. Alikumbuka kwamba marehemu ana mdogo wake wa kike, tumbo moja, na kwamba huyo mdogo wake yuko Hemavan, kule kwenye milima karibu na Norwe, anatandika vitanda katika hoteli ya watu wanaoteleza na ski. Mtu mmoja akauliza Hemavan ni wapi. Jibu likatoka pande tatu kwa pamoja: Kaskazini. Katibu akaandika kitu kwenye simu, akaongeza mwanga wa skrini, akatusomea. Kutoka uwanja wa ndege wa Hemavan mpaka uwanja wa ndege wa Kiruna ni kilomita mia tatu na ishirini hivi. Muda wa safari kwa ndege ni dakika hamsini.

Ungeziona nyuso zao. Nimeona watu wakitangaziwa kwamba uvimbe wao si saratani wakiwa na furaha pungufu ya ile. Mwenyekiti akajinyoosha kwenye kiti na dini ikamjia yote. Alitukumbusha kwamba katika kuosha maiti mwenye haki ya kwanza ni ndugu wa karibu, na kwamba si adabu kwa watu baki kumtangulia. "Mwenye haki yupo," alisema, "na yuko dakika hamsini tu. Sisi tuingilie nini?" Kwenye haki ya ndugu sikuwa na la kubisha, maana ni kweli. Nikauliza tu nani atammiminia maji huyo ndugu. Nikaambiwa hapakosi msaada huko huko. Ikapitishwa kwamba katibu amtumie dada huyo ule ukurasa, pamoja na pole za kamati, na tukarudi kwenye pilau.

Sasa niuzungumzie ukurasa wenyewe, maana nilikwenda kuutazama baadaye kwa hasira. Una picha ya ndege nzuri juu ya mawingu, una visanduku viwili, kimoja unaandika unakotoka na kingine unakokwenda. Chini yake unapewa umbali na muda, na mstari mwekundu unachorwa kwenye ramani kutoka nukta hadi nukta, umepinda kidogo ili ufanane na jambo la kitaalamu. Nikaandika Tanga, nilikozaliwa, na Hemavan. Ukanipa umbali, ukanipa muda, ukachora mstari wake juu ya Ethiopia na Uturuki, bila haya yoyote. Uwanja wa Tanga ambao ndege kubwa inayotua hapo hubeba watu wa kujaza harusi ndogo! Ukurasa ule haujui kama ndege ipo wala haukuulizwa. Umeulizwa tu kama ndege ingekuwepo na kama ingekuwa na haraka. Ni hesabu za mtu anayekadiria mahari ya binti ambaye hajazaliwa.

Jioni ile ile, nikitoka kituo cha treni Akalla, simu yangu ikalia. Alikuwa yule mdogo wa marehemu. Nambari yangu aliachiwa na dada yake zamani, kwamba ukikwama Stockholm mpigie Mwalimu. Alikuwa hajalia bado, nilimsikia kwenye sauti, alikuwa na shughuli nyingi mno za kumzuia.

"Dada," aliniambia, "hiyo ndege iko wapi?"

Alinieleza kwamba alipopata ujumbe wa katibu alivaa koti, akatembea mpaka uwanjani, maana si mbali na hoteli yao. Ni uwanja mdogo, chumba kimoja cha abiria, na ndege inayokuja haiji hata kila siku. Mtu wa kaunta anamfahamu. Alimsomea ule ukurasa, akamwonyesha mstari mwekundu. Yule mtu akautazama kwa heshima, akamwambia kwamba hakuna ndege ya kwenda Kiruna, haijapata kuwepo tangu aanze kazi pale. Ndege zote kutoka Hemavan huenda Stockholm. Ukitaka kwenda Kiruna, unashuka mpaka Stockholm, kisha unapanda tena juu. Alimuuliza basi kama kuna barabara. Barabara ipo, ni siku nzima ya msitu na barafu kwa mwenye gari, naye hana gari wala leseni. Mabasi ni ya kubadilisha njiani, na Jumapili hayapo yanayoungana.

"Zote zinakwenda Stockholm, dada. Zote," alirudia. Kisha akaniuliza kama labda kuna uwanja mwingine ambao hawa wa kwake hawaujui, kwa kuwa watu wa Stockholm wamesema dakika hamsini, na watu wa Stockholm wamesoma. Hapo nilikuwa nimesimama nje ya duka la matunda, nina hasira ya kutosha kuvunja tikiti maji kwa kichwa.

Nilimwambia akate tiketi ya kesho, aje Stockholm, tutapanga. Kisha nikampigia katibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikasikia vidole vyake vikigonga kompyuta. Halafu akasema, "Lakini Mwalimu, hesabu yenyewe iko sawa." Na ilikuwa sawa. Kitu pekee kilichopungua ni ndege.

Mwenyekiti yeye alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyeshiba. Alisema kila safari imeandikwa na Mungu, na afadhali dada huyo atapita kwetu, atapumzika kidogo hapo uwanjani Arlanda. Nikamuuliza nani ataondoka naye Arlanda kwenda Kiruna, kwa sababu kutoka hapa ndege ni moja tu, ya moja kwa moja, saa moja na nusu na kidogo. Akanitajia magoti yake. Akanitajia barafu. Akanitajia wageni wa Jumapili kutoka Västerås. "Mwalimu, wewe wayafanya mambo kuwa mazito," alinikanya. Nikaandika kwenye kundi letu la simu, nikaeleza habari nzima, nikauliza nani atakwenda pamoja nami. Vikaanza kushuka vikono vya dua, viwili viwili, vya manjano na vya kahawia, mpaka vikajaza skrini. Vikono vilikuwa vingi. Mikono haikupatikana.

Jumapili nilikwenda Arlanda na begi dogo. Ndani yake mlikuwa na sanda, pamba, udi, glavu, na kafuri niliyofunga kwenye karatasi. Nilimwandikia mwalimu mkuu wa shule ya Jumatatu kwamba siji, na aliponiuliza kama marehemu ni ndugu yangu nikajibu ndiyo, na sijutii. Kwenye ukaguzi walifungua begi wakaikuta ile kafuri. Msichana wa ukaguzi aliishika kwa ncha za vidole, akainusa, macho yakamtoka, akamwita mkubwa wake. Nikamweleza kwa Kiswidi kwamba ni ya kumpaka rafiki yangu aliyekufa. Mkubwa wake aliifunga tena ile karatasi vizuri kuliko nilivyoifunga mimi, akanipa pole, akanirudishia kwa mikono miwili. Yule mgeni kabisa, asiyejua dini yangu wala jina langu, alinitendea ubinadamu zaidi ya kamati nzima yenye chai za aina mbili.

Nilimkuta mdogo wa marehemu ameketi chini ya dirisha, mwanamke mwembamba wa makamo, amevaa koti la kazi lenye nembo ya hoteli. Amefanana na dada yake mpaka nikaogopa kumkaribia. Alikuwa amekumbatia mfuko. Ndani yake mlikuwa na mataulo manne makubwa meupe, mapya, aliyopewa na bosi wake baada ya kumweleza anakokwenda. Hakuwahi kuosha maiti, aliniambia. Hakuwahi kuona. Mama yao alipokufa walikuwa nchi tofauti, na baba yao hakupatikana. Alikuwa anaogopa sana, na alikuwa ameshaamua kwenda kufanya peke yake, maana aliambiwa yeye ndiye mwenye haki.

Ndani ya ndege alipewa kiti cha dirishani. Alitazama mawingu muda mrefu, kisha akageuka.

"Kwa hiyo kutoka kwenu ni ndege moja?"

Nikamwambia ni moja.

"Na kutoka kwangu ni mbili."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini walisema mimi ndiye niko karibu?"

Hakuuliza kwa ugomvi. Alitaka kuelewa, kama mtu aliyekosea njia anavyotaka kujua alikosea kona ipi. Ningeweza kumtajia ule ukurasa, mstari mwekundu, kilomita mia tatu. Nilimwambia ukweli, kwamba waliogopa maiti, wakatafuta mtu mwingine, wakampata yeye. Akaitikia kwa kichwa, akasema hata yeye anaogopa. Kisha akasinzia, kichwa kimelalia kioo, na mimi nikabaki nikiwachukia watu ambao siku mbili baadaye ningelazimika kuwakaribisha chai.

Mwana wa marehemu alitupokea Kiruna kwa gari. Ni kijana mrefu, mkimya, mikono mikubwa. Jumatatu asubuhi alitupeleka hospitali, akatuacha mlangoni, akasimama nje ya mlango huohuo. Chumba kilikuwa cha joto, cha vigae, kina meza ya chuma na mpira wa maji ukutani. Tulimkuta marehemu amefunikwa shuka. Mdogo wake alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, akabaki hapo. Sikumlazimisha. Niliufunga ule mpira wa maji, kwa sababu marehemu hakupenda mpira, alisema mtu si gari. Nikaomba jagi kwa muuguzi. Nikavaa glavu, nikapiga bismillahi, nikalishusha shuka usoni pake.

Marehemu, enzi zake, alikuwa na desturi ya kuzungumza na maiti. Alimwambia kila anachotaka kumfanyia kabla hajakifanya: sasa nakuinua kichwa, sasa nakugeuza kulia, vumilia kidogo. Nami nikaanza hivyohivyo. Nilipomwambia, "Sasa tunakutawadhisha, dada yangu," nilisikia hatua nyuma yangu, na jagi likachukuliwa mezani. Mdogo wake akaanza kumimina. Mwanzoni maji yalimwagika sakafuni zaidi kuliko mwilini. Halafu mkono ukatulia. Tulimwosha upande wa kulia, kisha wa kushoto, tukamsuka nywele misuko mitatu, nywele nyeupe laini, na mara ya mwisho tukatia kafuri kwenye maji. Tulimkausha kwa mataulo ya hoteli. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa anaogopa tena. Tulikuwa tunalia na kufanya kazi, na nilihisi upendo mkubwa kuliko nilivyowahi kuhisi katika msikiti wowote wa mji huu.

Tulipokwisha kumvisha sanda nilifungua mlango kidogo. Kijana alikuwa palepale, kiganja kimeegemea mbao. "Är hon fin?" aliniuliza, kama mama yake amependeza. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba amependeza sana, na akaelewa.

Alizikwa siku hiyo, mchana uleule wa kule ambao, kwa giza la majira ya baridi, haufiki hata kuwa mchana. Na kwa kuwa hakuna ndege ya kutoka Kiruna kwenda Hemavan, tukarudi Stockholm wote wawili, naye akakaa kwangu Akalla akisubiri siku ya ndege yake. Sasa ndipo kamati ilipoamka. Akalla inafikika kwa treni, hakuna barafu ndani ya treni, na mfiwa aliye hai hatishi. Walikuja na masufuria. Walikuja na sambusa, maandazi, ndizi za Kiganda zilizopondwa, na ile pilau, ambayo mwishowe ilikuwa ya kuku. Mwenyekiti alikaa kwenye kochi langu akaongoza dua kwa sauti yake ileile nzuri, na baada ya dua akatoa shukrani kwa Mungu aliyetuwezesha kumsitiri mwenzetu. Alisema tumemwosha, tumemkafini, tumemzika kama inavyopasa. Katibu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kana kwamba naye ameshika jagi.

Mdogo wa marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole wake uleule wa ndani ya ndege, "Mama, wewe ulikuwa umesimama upande gani?"

Mtu mmoja akaanza kugawa sahani. Mkongo akasema kitu kwa Kifaransa, kifupi sana, na kwa mara ya kwanza nilitamani kingekuwa kirefu. Nikainuka kwenda jikoni kwa sababu nilikuwa karibu kucheka mbele ya wafiwa, na katika hilo hata mimi nina mipaka.

Mwenyekiti alinifuata. Alikuwa amebeba sinia tupu ambalo halikuwa na haja ya kubebwa. Akafunga mlango, akaliweka, akalichukua tena. Nilisubiri anikaripie kwa adabu mbaya za mgeni wangu. Hakunikaripia. Pasipo ile sauti ya ukumbini alikuwa na sauti ndogo, ya kawaida, ya mwanamke mzee anayeishi peke yake.

"Mwalimu," alisema, "binti zangu mimi wawajua. Hata kutawadha hawajui. Ukiwasemesha, wakujibu Kiswidi. Siku yangu ikifika, ni nani ataniosha?"

Nilimtazama. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka kweli, kumbe hakunidanganya kwa hilo.

"Skärholmen ni mbali," nikamwambia. "Ni treni mbili."

Alilichukua neno lile lote, hakulirudisha. Machozi yakamtoka, yakadondokea sinia, na mimi niliyafurahia. Niliyafurahia kwa muda, kisha furaha ikaniishia, maana nilimwona jinsi atakavyokuwa amelala kwenye meza ya chuma, na binti zake wamesimama nje wakiulizana kwa Kiswidi nani wa kumpigia simu. Nikamwambia nitamwosha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitakuja hata kwa treni kumi, ila kwa sharti moja: mwanamke yeyote akifariki kabla yake, yeye atakuja kunimiminia maji.

Akafuta uso kwa ncha ya leso, akafikiri kidogo, akaniuliza huyo mwanamke atakuwa anaishi upande gani wa mji.